Chuma cha Hostia

Jumamosi iliyopita nilirudi Pasiansi, mtaa niliokulia, nikapita kwenye nyumba ya masista, na nilichokikosa kwanza ni ile harufu. Sijui kama na wewe ulikulia jirani na masista. Jumamosi zetu zilinukia vitu viwili: dagaa wa bibi waliokuwa wakikauka juu ya mawe ya ufukweni, na ngano iliyoungua kidogo, kutoka dirishani kwa Sista.

Sista ndiye aliyeoka hostia za parokia nzima, vile vimkate vyembamba ambavyo padri akivibariki misani huwa mwili wa Yesu. Alikuwa na chuma kizito chenye mikono mirefu. Anamimina uji mwembamba wa ngano, anakifunga, anakigeuza juu ya mkaa, mvuke unapiga kelele. Akishakata vile viduara, mabaki ya pembeni yalikuwa yetu sisi tuliofagia kanisa. Hayakuwa na chumvi wala sukari, lakini tuliyagombania kama nyama ya Krismasi. Bibi alinikanya nisimle Yesu siku ya Jumamosi. Sista alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, hiyo bado ni ngano tu."

Kati ya watoto wote alinichagua mimi. Alinifundisha kusikiliza mvuke unaponyamaza, maana hapo ndipo hostia imeiva. "Nikichoka, chuma hiki ni chako," alisema, nami nikaahidi kuwa mtawa. Niliahidi kwa moyo wote, niamini. Nilipomaliza kidato cha nne alinitafutia nafasi utawani, akanishonea magauni mawili kwa mkono wake. Asubuhi ya safari nilijificha kwa shangazi, Buhongwa. Kulikuwa na kijana, ndiyo hivyo. Sista sikumuaga. Niliona aibu, na miaka ikapita mpaka ikawa mingi mno.

Sasa haoni kabisa. Sista mmoja kijana alinipeleka chumbani kwake, nikamwamkia, nikataja jina langu. Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha. Kabla sijafungua mdomo alinishika mikono, vidole vyake vikafika kwenye pete yangu ya ndoa, vikatulia. Masista nao huvaa pete wakishafunga nadhiri za daima.

"Kumbe ulikwenda!" akasema, machozi yanamtoka. "Walinidanganya kwamba ulikimbia. Bado unaoka, mwanangu?"

Nikaiacha pete chini ya vidole vyake.

"Kila Jumamosi, Sista."

"Basi Jumamosi ijayo niletee mabaki. Nayatamani sana."

Nikaitikia. Getini nilimuuliza yule sista kijana kuhusu chuma. "Chuma gani, mama?" Hostia siku hizi zinakuja kwenye pakiti, zimeshakatwa. Mabaki hayapo tena.

Kesho ni Jumamosi. Tangu asubuhi najaribu kwenye kikaango, unga na maji tu kama alivyonifundisha, na kila mara inatoka chapati mbaya. Macho hana, lakini ladha ile hawezi kuisahau. Akionja tu, atajua sikwenda.