Sanda Haifungwi Fundo

Mshona sanda wa mtaa wa Wayahudi alikuwa na vidole vifupi, vigumu kama mizizi, na hakutunga uzi bila kusonya. Wasichana waliletwa kwake wafundwe kushona, na Frumet, mdogo kuliko wote, alimwogopa kuliko mbwa wa mchinjaji. Sanda haifungwi fundo, aliwaambia kila siku, maiti asizuiwe kwenda. Aliyesahau aligongwa utosini kwa kastabani ya chuma aliyoivaa kidoleni. “Mama yetu Sara alikuwa mvivu?” “Hapana, bibi.” “Mama yetu Raheli alishona huku anapiga domo?” “Hapana, bibi.” “Sasa nyie mmetoka kwa nani?”

Majira ya baridi yale homa ikamchukua Hinde, mjukuu wa pekee wa bibi. Asubuhi bibi akasonya kama kawaida, akakata kitani, akashona bila kuinua uso mpaka mshono wa mwisho. Hapo Frumet, aliyekaa ubavuni pake, akaviona vidole vile vikizungusha uzi, vikauzungusha tena, vikaukaza.

“Bibi,” akanong’ona, “umefunga fundo.”

“Kwani mimi kipofu?” Alijaribu kulifungua, vidole vikagoma. Akaisukuma sanda mapajani mwa msichana. “Lifungue wewe.”

Frumet akaishika sindano, machozi yakimdondoka kwenye kitani, kichwa amekiinamisha akingoja kastabani. Haikuja.

“Bibi, mama yetu Raheli alilia?”

“Aliwalilia wanawe,” akasema mshona sanda. “Akabembelezwa, akakataa kunyamaza. Fungua.”