Nilivyokwenda Mukuju Kumzuia Okoth

Nilitoka Buteba Jumamosi asubuhi kwa sababu moja tu: kumzuia Okoth asishuke kwenye shimo la Magero siku ya Jumatatu. Kaka yake, Othieno, yuko chini ya shimo hilo mpaka leo. Tulikuwa pamoja siku maji yalipoingia. Mimi nilitoka. Hapa watu wanapenda kusema "ajali", kwa hiyo mimi nataja jina. Aliyemuua Othieno ni Magero, mwenye shimo la dhahabu.

Zamani mchimbaji wa ndani kabisa alifungwa kamba kiunoni. Akiivuta kwa nguvu, tunajua kuna hatari, tunamvuta. Halafu Magero akaenda Busia akanunua simu za redio, zile nene kama mche wa sabuni, zenye tochi na antena na kitufe ubavuni. Unabonyeza, unaongea na mwenzako bila mtandao, bila salio. Akazijaribu barabarani, sauti ikafika mpaka sokoni, na sisi wajinga tukapiga makofi. Kamba akaichukua akamfungia fahali wake. Hakuna aliyezijaribu mle ndani, pale njia inapokata kona chini ya mwamba.

Siku ile Othieno alikuwa nyuma ya kona na simu yake. Mimi nilikuwa chini ya mdomo wa shimo, napakia mawe kwenye gunia. Maji yalipopasua ukuta nilipiga kelele, "Magero! Mwite Othieno atoke!" Akanijibu kutoka juu, simu mkononi, "Hajasema kitu. Angekuwa na shida angebonyeza." Nilipoanza kupanda, maji yalikuwa yamenifika kifuani.

Baada ya hapo Magero alinipa simu moja, eti pole. Ndiyo niliyosafiri nayo.

Malaba nilifika kwa pikipiki. Nikatembea kando ya foleni ya malori, na simu mfukoni ikaanza kusema yenyewe.

"Mutiso, songa! Kuna mtu anataka kukuingilia!"

"Nisonge wapi, na mimi niko kwenye makalio ya tanka?"

Madereva nao wanazo. Mama muuza chapati alicheka mpaka akashika tumbo. "Mzee, redio yako inatukana watu! Niuzie mimi."

"Hii imeua mtu, mama."

"Simu?"

"Simu na mwenye simu."

Akaacha kucheka. "Basi iondoe karibu na chapati zangu."

Tororo nilipita mchana, juu ya lori la mchanga. Kila mgeni anautazama ule mwamba wa mji. Mimi niligeuka upande wa pili. Tangu shimoni sitaki kuona jiwe kubwa.

Mukuju nilimkuta Mzee Owor, baba yao, ameketi uani. Mkewe akaleta maji ya kunawa, ugali wa wimbi na kunde. Nilikula kidogo, nikasema neno langu.

"Mzee, nimekuja juu ya Okoth. Asiende."

"Magero alikuja hapa kabla yako," akasema. "Anasema maji yameshavutwa, na wakichimba ile kona watafikia Othieno. Anataka mtu wa damu ya Othieno awe hapo."

"Anataka mtu wa kumfungulia shimo lake bure."

"Watu wanasema, kwa kuwa mwili haupo, nizike mgomba mahali pa mtoto. Mimi sikuzaa mgomba, Barasa. Mimi nataka kaburi."

Okoth akaingia. Kijana mpana, kicheko cha kaka yake. Kiunoni amening'iniza simu kama yangu, mpya; Magero ameshampa. Nikaona hapo ndipo pa kuanzia. Nyuma ya nyumba walikuwa wanachimba choo, kirefu kupita watu wawili. Nikawaambia, "Nashuka humo. Mtasikia wenyewe kwamba hii kitu chini ya udongo ni bubu."

Nikashuka ngazi. Chini palinuka udongo mbichi. Nikabonyeza.

"Okoth, unanisikia?"

Nilingoja mkwaruzo tu. Ikaja sauti safi.

"Nakusikia sana, mzee! Hata meno yako yanagongana nayasikia!"

Juu wakacheka. Nikageukia ukuta, nikaifunika simu kwa shati. "Na sasa?"

"Mpaka kupumua, mzee!"

Nilipotoka nilieleza kwamba choo kimenyooka, na kule kuna kona na mwamba. Nilichora kwa kijiti. Mzee Owor alisikiliza mpaka mwisho.

"Barasa, simu iko nzima," akasema, taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Mkewe hakunihurumia. "Ulitoka peke yako. Sasa na huyu hutaki amtoe ndugu yake?"

Nikafuta mchoro wangu kwa mguu.

Jumapili baada ya kanisa tulirudi Buteba, mimi na Okoth. Njia nzima nilimwambia mabaya ya shimo lile. Yeye aliniuliza swali moja tu: "Siku ile alivaa nini?" Nikamwambia shati la njano.

Jumatatu alishuka. Nilikaa mdomoni mwa shimo karibu na Magero. Sauti ya Okoth ilikuja vizuri, akitania, mpaka alipofika kwenye kona. Halafu ikawa khrrr, kisha kimya.

"Unasikia hiyo?" nikamwambia Magero.

"Anaokoa chaji," akasema, akaendelea kula muwa.

Jioni Okoth akatoka, tope tupu na meno. "Umeona, mzee? Nimerudi!" Wachimbaji wakaangua kicheko. Magero akanionyesha kidole: "Huyo ndiye shahidi wetu."

Safari hiyo ilinifunza hili. Siku maji hayajaja, mimi ni mwongo na mwenye wivu. Yakija nitakuwa mkweli, na haitamfaa mtu.

Okoth anashuka kila siku sasa. Jana Mzee Owor alipiga simu ya kawaida kuuliza wamefika wapi, maana kaburi limeshachimbwa pale nyumbani, na mvua inalijaza. Okoth akamwambia avumilie kidogo.