Mapoloko na Ukuta Unaotoa Jasho

Kijijini Ha Khoabane, katika milima ya Lesotho, hakuna aliyeujua ukuta wa bwawa kama Mapoloko. Mafundi wa misheni waliujenga zamani za babu yake, kwa mawe ya mchanga na chokaa. Tangu afiwe na mume, yeye ndiye aliyefungua koki ya bomba la kijiji alfajiri na kuifunga jioni. Kila mwaka kabla ya baridi alichokoa viungo vya mawe vilivyolegea, akavijaza chokaa aliyoiloweka mwaka mzima katika shimo nyuma ya jiko lake.

Mwaka ule ukuta ulitoa jasho kuliko kawaida, maji yakipenya kati ya mawe. Chifu akaagiza saruji, na fundi Sekhonyana akaja na mwiko wake kuupaka wote.

"Baba, usiuzibe," Mapoloko akamwambia. "Maji yaliyo ndani ya mawe yatatokea wapi? Yakigandia humo yatayapasua, na sote tutarudi kuteka mtoni."

"Mama, nyie wanawake mnapaka nyumba kwa udongo na samadi. Mawe tuachieni sisi."

"Na nyumba yako ilipakwa na nani?"

"Na mkewe," akadakia mwanamume mmoja aliyekalia magunia ya saruji. "Ndiyo maana bado imesimama."

Wakacheka, hata Sekhonyana. Chifu, asiyependa mabishano, akaugawa ukuta: kulia saruji, kushoto chokaa, waone baada ya baridi.

Mapoloko hakufurahi. Bwawa halina nusu. Likitoboka upande mmoja, maji yote yamekwenda. Hata hivyo alipiga magoti siku kumi na moja, akishindilia chokaa kwa kijiti na kuifunika kwa magunia yaliyoloa isikauke upesi. Upande wa Sekhonyana ulikwisha kwa siku mbili, laini kama sahani.

"Dada, upande wako unalia," jirani alimtania bombani.

"Unapumua."

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu, alikuta bamba la saruji limeanguka na nyuso za mawe zimebanduka nalo. Akaingiza vidole kwenye shimo lililoachwa na bamba. Vilizama vyote vinne. Ukuta ulikuwa bado unashika maji. Akaenda moja kwa moja kwa Sekhonyana, akamweleza mlangoni kwa sauti ya chini.

Fundi akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake. "Mbona hukuanzia kwa chifu?"

"Chifu hana patasi."

Siku tatu walibandua saruji iliyobaki, taratibu, jiwe kwa jiwe. Siku ya tatu Sekhonyana aliuliza, bila kumtazama, kama chokaa ya shimoni ingetosha.

"Baridi ikipita, itatosha safu tatu za chini, ndizo zinazobeba uzito. Za juu zitangoja mwakani. Chimba shimo lako la chokaa leo, Baba."

Sekhonyana akaweka patasi chini, akauliza lichimbwe kina gani.