Sauti ya Saa Saba

Kwa miaka mingi nilisoma matangazo ya vifo katika redio moja ndogo mjini Kitale, kila siku saa saba mchana. Wengine waliiona kazi ya mkosi. Wacha waseme. Saa hiyo Tongaren nzima ilikuwa ikiweka jembe chini inisikilize. Familia ilikuja na karatasi yake, tukaketi pamoja kwenye benchi na kupitia majina: watoto, wakwe, wajukuu, mpaka shemeji aliyehamia Mombasa. Kwetu ukimsahau mkwe mmoja redioni, matanga yanageuka vita. Wengine hawakuondoka mpaka nimalize kusoma. Walisimama nyuma ya kioo wakinitazama mdomo.

Msikilizaji wangu mkuu alikuwa mama yangu, huko Sirisia. Hakujali sana ni nani amekufa. Alikuwa akisikiliza kama mimi ni mzima. Nikisoma na mafua, jioni atanipigia kuniuliza kwa nini kifua kinalia, na kesho yake kuku na ndizi vitafika stendi ya Kitale kwa mkono wa jirani. Siku moja niligombana na mume wangu asubuhi, nikaenda kusoma vizuri kabisa, au ndivyo nilivyodhani. Mama alipiga kuuliza nani amenikosea. Nilikuwa nikijifanya nimechoshwa na uchunguzi huo, na leo naukumbuka hadi machozi yananilenga.

Kisha ikaja akili unde. Meneja wetu, mtu mpole, alituambia kompyuta itasoma matangazo, na wenzangu wawili wakaenda nyumbani. Mimi ningebaki kwa masharti mawili: kompyuta ifundishwe sauti yangu, nami nijifunze kuiandikia ya kusoma. Nilikubali. Nina watoto shuleni, na heshima hailipi karo.

Serikali ilikuwa imeanzisha mafunzo ya bure kwa watu kama sisi, katika chuo cha ufundi huko Bungoma. Sitayasema vibaya. Nilikaa kati ya karani wa benki na mama aliyekuwa akipiga taipu nje ya mahakama, tukichekana kwa vidole vilivyokataa kutii. Mwalimu, ambaye ningeweza kumzaa, alituvumilia. Nilirudi na cheti, na ninakionea fahari hata sasa. Ila walitufundisha kazi mpya tu. Jinsi ya kuiaga ile ya zamani kila mtu alijifunzia kwake.

Siku hizi familia hutuma majina kwa simu. Benchi letu lilipelekwa langoni, analikalia askari.

Mara ya kwanza sauti yangu iliposoma bila mimi, nilikuwa nakunywa chai. Ilisoma vizuri kunishinda. Haikukohoa, haikusita kwenye jina la mtoto mchanga kama nilivyokuwa nikisita. Mama nilikuwa nimemweleza habari za kompyuta, akajibu tu, "Sawa, mwanangu," kisha akaendelea kufungua redio yake saa saba kama kawaida.

Mvua za masika zilizopita malaria ilinilaza. Mume wangu alikuwa safarini. Nilijifunika blanketi nikangoja simu ya Sirisia, na sioni haya kusema kwamba nilideka kama mtoto: leo atapiga, nikawa najiambia, kuku yuko njiani. Ikafika saa saba, ikapita, jioni nayo ikaja ikapita. Kesho yake vilevile. Simu ikalala kimya kando ya mto.

Mwishowe nikapiga mwenyewe. Aliposikia sauti yangu ilivyokauka alishtuka.

"Ati mgonjwa? Tangu lini?"

Nikamwambia tangu Jumatatu. Nikasikia redio yake ikiongea nyuma.

"Lakini mimi nimekusikiliza kila siku, mwanangu. Ulikuwa mzima. Nikamshukuru Mungu, nikaenda shambani."