Mwezi Unaotembea katika Mchezo wa Pili

Mchezo wa kwanza niliuona ni uongo mtupu. Binti yangu alikuwa amefungua sali ya michezo ya televizio hapa Rumonge kando ya ziwa, chumba kimoja nyuma ya soko la samaki, televizio mbili, mabenchi, na gurupe, yaani jenereta, linalokohoa nje ya ukuta. Kazi yangu ni kushona nyavu zilizopasuka, na kivuli cha ukuta ule ni kizuri. Nilikuwa nashonea pale mlangoni, jicho moja kwenye nyuzi, jingine ndani.

Ulikuwa mchezo wa mtu mmoja anayekimbia. Nchi yake imeshikwa na askari, naye anapita msituni, anaruka kuta, anapanda mapaa, anatafuta njia ya kutoka. Vijana waliupenda. Mimi ulinichekesha. Askari wake walitembea kwenye mstari mmoja, wanafika kwenye jiwe, wanageuka, wanarudi, kama mbuzi wa kamba. Wakikuona, unajificha kidogo nyuma ya pipa, wanasahau. Askari gani anasahau? Na maji yalikuwa sumu: yule mtu akiyagusa hata kwa magoti, amekufa. Na mwezi walikuwa wameupigilia misumari angani, mahali palepale, tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia binti yangu kwamba aliyetengeneza kitu hiki hajawahi kukimbizwa hata na mbwa.

"Papa, ni mchezo," aliniambia. "Kwani wewe ulikimbizwa na nani?"

Alikuwa anajua, lakini alijua kwa vipande, kama watoto wote wa hapa wanavyojua. Hapa nitaviunganisha, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini mchezo wa pili ulinisimamisha nyuzi mkononi.

Siku ya Uhuru nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka mabega ya baba, maana nilikuwa juu yake, na nakumbuka mfanyabiashara mmoja mwenye duka kubwa akitugawia watoto vibendera vya karatasi. Alinipa viwili kwa sababu alikuwa rafiki wa baba. Mwaka wa sabini na mbili mfanyabiashara huyohuyo alikaa mbele ndani ya kamyo, lori la askari, na kuonyesha nyumba kwa kidole. Ya kwetu aliionyesha. Walikuwa wamepita kwanza waasi, wale wa mapanga, wakaua watu ambao hawakuwa na kosa, na hao pia siwasamehe. Halafu jeshi likaja kulipiza, nalo halikuuliza nani alifanya nini. Mukubwa wa komini, yaani wa tarafa yetu, aliita wanaume kwenye mkutano. Baba alivaa shati safi akaenda, hakurudi. Mukubwa wa komini alijua ule mkutano ulikuwa ni nini. Kaporali aliyelinda ufuko alijua pia, na ndiye aliyepiga risasi siku tuliyoondoka. Majina yao ninayo kichwani. Siyaandiki, lakini wakisomewa haya watajijua.

Kuna mtu mwingine, na huyo ni wa damu yangu.

Tulijificha ndani ya matete, mama, dada yangu mkubwa, mimi, na baba mudogo, yaani mdogo wake baba. Palikuwa na mitumbwi miwili na watu wengine wachache. Mama ni mtoto wa wavuvi wa Kabonga, amezaliwa na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Aliangalia mwezi uliokuwa upande wa Kongo, akasema tungoje utue. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mwezi ukiwa magharibi unamwaga njia nyeupe juu ya maji, na mtumbwi unaokwenda magharibi unaingia ndani ya njia ile, na mtu wa ufukoni anauona mweusi kama nzi ndani ya maziwa. Baba mudogo alikataa. Alisema tukingoja watatukuta, akamshika dada mkono, akapanda naye mtumbwi wa kwanza. Mama alikuwa amenishika mimi. Hakuweza kupiga kelele.

Mtumbwi wa kwanza uliingia kwenye njia nyeupe. Nimesema nani alipiga. Baba mudogo alijirusha majini akarudi kwa kuogelea. Dada hakurudi. Mwezi ulipotua tulipanda mtumbwi wa pili, baba mudogo pamoja nasi, na hakuna aliyetuona mpaka ng'ambo.

Kutoka Kongo tulifika Kigoma, na kule, kwenye kambi, baba mudogo ndiye alianza kusema. Alisema mama aligawa watoto kama mtu anayegawa samaki, akamtoa wa kike, akabakiza wa kiume. Aliyasema kwenye vilio, kwenye arusi, kwa kila aliyeuliza kwa nini mwanamke huyu ana mtoto mmoja tu. Tuliporudi Rumonge aliyarudisha maneno yake pamoja na magodoro. Kila nilipotaka kumjibu, mama alinikataza. Alisema mtu akisema hivi na mwingine akisema vile, watu wanachukua la mwenye sauti. Na kweli, ningeonyesha nini? Ziwa halina alama. Nilichotaka maisha yangu yote ni kimoja: mama asikie mtu mwingine akisema kwamba alikuwa na haki, kabla hajafa.

Basi, mchezo wa pili.

Binti yangu aliuleta kutoka Bujumbura ndani ya karatasi ya mandazi, sidi moja inayong'aa. Siku ya kwanza nilikuwa nashona bila kuangalia. Nikasikia sauti ya ndege wa majini wakiruka ghafla, nikainua kichwa, nikadhani wametoka ziwani kwetu. Walikuwa ndani ya televizio. Yule mtu wa mchezo alikuwa amekanyaga matete, ndege wakaruka, na askari wa mbali akageuza kichwa kwa sababu ya ndege. Niliacha sindano ikining'inia. Mimi najua ndege wale. Ndani ya matete yetu mama alitukataza kusogea hata kukuna, kwa ajili yao.

Toka siku hiyo nilishona vibaya. Katika huu wa pili askari hawakusahau. Walifuata nyayo kwenye mchanga, na nyayo zilibaki mpaka maji yazifute. Waliitana. Mmoja akikukosa, anakwenda kumwambia mwenzake, nao wanarudi wawili. Maji hayakuua tena. Yule mtu aliogelea, na nguo zikilowa zilimvuta chini, akatoka akitetemeka, na mtetemeko ule ulifanya mkono wake usishike vizuri. Nilimuuliza binti yangu kama ni watu walewale waliotengeneza ule wa kwanza. Alisema ni walewale. Nilistaajabu zaidi. Nilijiuliza walikwenda wapi katikati hapo, walikaa na nani, nani aliwasimulia. Mtu anaweza kutengeneza uongo, watu wakaununua, na bado akarudi kuutengeneza upya mpaka ufanane na kweli. Kwetu sijaona anayefanya hivyo. Kwetu uongo ukishanunuliwa unabaki hivyohivyo.

Kosa moja lilibaki: askari hawana sura. Wote uso mmoja. Wa kwetu walikuwa na sura, na baadhi walikuwa wamekula kwetu.

Lakini kubwa kuliko yote, safari hii yule mtu hakuwa peke yake. Alikuwa na msichana. Unamshika mkono, anakuja, ukimwacha, anaita, akichoka, anakaa. Na mchezo haukukubali uvuke mwenyewe. Kila palipo na mpaka, lazima mfike wawili.

Mahali walipokwama wote palikuwa ufuko. Ziwa mbele, milima ng'ambo, mtumbwi ndani ya matete, askari juu ya mawe. Vijana walijaribu mbio, walijaribu kuogelea, walijaribu kuua askari wote kwanza. Kila mara mtumbwi ulifika katikati, risasi, na msichana anaanguka. Mimi wakati ule natoka nje. Ninasimama karibu na gurupe lile linalokohoa, mpaka nisikie wanaanza upya.

Zikaja siku za mwezi mkubwa. Siku hizo wavuvi wetu hawaendi kazini, maana taa haiwezi kushindana na mwezi na ndagala hawakusanyiki. Wanaanika nyavu, wanalala, wanatembea mjini bila la kufanya. Sali ilijaa mchana mzima. Baba mudogo naye alikuwa akija kila siku, ana benchi lake la mbele, na kijana akimzibia anamwambia toka hapo wewe, mgongo wako si kioo. Ni mzee sasa, lakini sauti iko.

Siku hiyo binti yangu mwenyewe ndiye alishika manete, ile ya kuchezea. Yule mtu na msichana walikuwa ndani ya matete. Mama yangu aliingia na sufuria ya chakula cha mjukuu wake, kama kila mchana, akasimama kando ya mlango kungoja amalize. Hajawahi kuutazama mchezo. Husema televizio inamuumiza macho.

"Vuka sasa," baba mudogo alisema. "Askari amegeuka. Ukingoja watakukuta."

Nilimuona mama akiinua uso. Maneno yalikuwa yaleyale, na sauti ileile.

Binti yangu alivuka. Mtumbwi ulitoka kwenye matete, ukaingia kwenye mwanga, na kutoka ufukoni ulionekana mweusi, wazi kabisa. Risasi. Wavuvi waliguna. Vijana walimcheka binti yangu, wakamwambia ampe manete mwenye vidole.

Mama aliweka sufuria chini. Alisogea mpaka karibu na televizio kuliko mtu yeyote, akaangalia juu, si kwa askari wala kwa msichana.

"Mwezi huo iko unatembea?" aliuliza.

"Hapana, bibi. Ni picha tu," binti yangu alisema. Alikuwa anafikiria mchezo wa kwanza.

"Tulipoingia ilikuwa juu ya mulima," alisema mvuvi mmoja wa makamo, kiongozi wa mtumbwi, mtu asiyesema sana. "Sasa iko begani. Mama anaona vizuri."

Tukaangalia wote. Ni kweli. Ulikuwa umeshuka. Wiki nzima watoto wa ufukoni, wajukuu wa wavuvi, walikufa kwenye maji yale, na hakuna aliyetazama juu, kwa sababu walishazoea mwezi wa misumari.

"Ngoja utue," mama alisema. "Kaa nao hapo ndani. Usiguse kitu."

Vijana walilalamika kwamba mchezo haushindwi kwa kukaa. Binti yangu alirudisha watu wake wawili ndani ya matete, akaweka manete juu ya mapaja, mikono juu. Tukangoja. Askari walipita, walisimama, walikojoa pembeni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kukaa muda wa kutosha kuliona. Msichana alilala kichwa begani kwa yule mtu. Mwezi ulishuka polepole, ile njia nyeupe juu ya maji ikawa nyembamba, ikawa uzi, ikakatika. Ufuko wote ukawa giza. Wavuvi walipumua pamoja.

"Sasa," mama alisema.

Mtumbwi ulikwenda. Tulisikia kasia tu, na askari mmoja akikohoa nyuma yetu. Halafu ng'ambo, mawe, na wawili wanatoka majini.

Watu walipiga makofi. Yule kiongozi wa mtumbwi hakupiga. Alimgeukia mama na kumuuliza kwa heshima nani alimfundisha, maana hilo ni jambo la watu wa kazi.

"Baba yangu, kule Kabonga," mama alisema. "Nami niliwahi kumwambia mtu. Hakungoja."

Alisema hivyo tu. Hakumtazama baba mudogo, lakini mimi nilimtazama. Mvuvi naye alifuata macho yangu. Wavuvi wa hapa wote wameyasikia maneno ya kugawa samaki, miaka yote, kwenye vilio vyote. Mmoja baada ya mwingine waligeuka kwenye benchi la mbele.

"Ni muchezo tu," baba mudogo alisema.

"Ndiyo, shemeji," mama alijibu. "Ni muchezo." Halafu akamuuliza mjukuu wake: "Huyo mutoto amefika kweli?"

"Amefika, bibi."

"Basi mumupe nguo kavu. Atashikwa na baridi."

Binti yangu alianza kubonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja, akitafuta chenye nguo kavu, na vijana wakamsaidia kwa kumfokea. Hakikupatikana. Nilifikiri labda watakiweka katika mchezo wa tatu, watu wale ambao wanajirekebisha. Mama alingoja kidogo, kisha akafunua sufuria akawagawia wote waliokuwa karibu. Baba mudogo alikuwa ameshatoka.

Mimi sijamsamehe, na sitaki mtu anishauri. Lakini lazima niandike na hili. Baada ya hapo ilikuwa arusi ya jirani yetu, na wageni kutoka Kongo walikaa meza moja nasi. Mwanamke mmoja aliuliza, kwa wema, kwa nini mama yangu ana mtoto mmoja tu. Meza nzima ilimgeukia baba mudogo, kwa mazoea, maana jibu lilikuwa lake siku zote. Alishika chupa yake ya Fanta, akaizungusha, akaitazama.

"Mumuulize mwenyewe," alisema.

Wakamuuliza. Mama alifuta mdomo kwa kitambaa, akasogeza kiti, akaanza kuwaeleza kuhusu mwezi.