Mchukuzi Aliyetaka Kuchukuliwa Sanduku Lake

Saa saba mchana ndege ya watalii kutoka Ulaya imeshatua, na ukumbi wa kuwasili wa uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, umejaa watu wenye magoti meupe. Kaviha Randu amesimama kando ya toroli lake, mikono nyuma. Hamkimbilii mtu. Anaangalia mizigo.

"Lile la kijani limejaa nguo tu," anasema, akinyoosha kidevu. "Zito ni lile dogo jeusi. Mwangalie mwenyewe, bega limemshuka."

Dakika tatu baadaye sanduku dogo jeusi liko mkononi mwake, na mwenyewe, bibi mmoja Mjerumani, anamfuata huku akihema.

Kaviha, ambaye majirani humwita Baba Dhahabu kwa jina la mwanawe, ana miaka arobaini na saba na ni mkazi wa Port Reitz, mwendo mfupi kutoka hapa. Amekuwa mchukuzi tangu 1980. Mshahara wake ni shilingi 2,300 kwa mwezi, ukiacha bakshishi, na bakshishi msimu wake ni Desemba. Desemba hii ya 1994 hajakosa zamu hata moja. Desemba iliyopita hakuwapo kabisa. Alikuwa abiria.

Wachukuzi wenzake huisimulia safari hiyo kwa vicheko. Yeye huieleza taratibu, bila kulalamika, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya Magongo.

"Miaka kumi na tatu nimewaona watu wakitembea mbele, masanduku yao yakiwafuata nyuma," anasema. "Nikasema, na mimi siku moja. Si kiburi, ndugu yangu. Nilitaka kujua mtu hutembeaje mkono ukiwa mtupu."

Nafasi ilikuja pale waumini wa kanisa lake, Changamwe, walipopanga kwenda kuzuru Bethlehemu wakati wa Krismasi. Kaviha alikuwa ameweka akiba miaka sita. Akauza na ng'ombe wawili aliorithi kwa babake huko Kaloleni, akatimiza shilingi 61,000 zilizotakiwa. Kisha akanunua sanduku la kahawia lenye kufuli mbili. Ndani yake mkewe, Milcah, alikunja shati jeupe jipya la kuvaa kwenye ibada ya mkesha.

Kabla ya kuondoka alimwendea mwenyekiti wa kikundi, Mama Agneta, akamweleza wazi kwamba huko waendako yeye si mchukuzi.

"Nilicheka, lakini nikamwahidi," anakumbuka Mama Agneta, ambaye ana duka la vitambaa Changamwe. "Nikamwambia, Baba Dhahabu, wewe ni abiria kama sisi, hakuna atakayekugusisha mzigo."

Ahadi hiyo ilidumu hadi mpakani.

Kikundi kilikuwa na watu thelathini na mmoja, mbali na kiongozi wa safari aliyeajiriwa, Gona, kijana mwenye maneno mengi. Waliruka hadi Kairo, na kutoka hapo wakapanda basi jangwani usiku na mchana. Gona hakuwa amewaambia kwamba basi la Misri halivuki kuingia Israeli. Mpakani waliteremshwa wote, wakaonyeshwa basi jingine kwa mbali, upande wa pili, na kila mtu akaambiwa achukue mzigo wake aende kwa miguu. Mvua ilikuwa ikinyesha.

Mbele ya Kaviha alikuwa Bibi Kafedha, mama wa miaka sabini. Akainama kushika sanduku lake.

"Hapo ndipo nilipokosea," anasema Kaviha. "Mimi sijawahi kumwacha abiria ainame. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipokuja kujua, nimeshalishika."

Waswahili husema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wenzake walipomwona na sanduku la Bibi Kafedha, mmoja aliweka lake karibu na mguu wa Kaviha. Akafuata wa pili. Kaviha alivuka mpaka mara tisa.

Mama Agneta anashikilia kwamba hakuna aliyemtuma. "Alianza mwenyewe. Ingawa, haki ya Mungu, na mimi nilimpa langu," anasema, kisha anakunja kitambaa. "Nilimpa mawili."

Jioni ya tarehe 24 walifika hotelini Yerusalemu, saa tano nyuma ya ratiba. Ilikuwa hoteli ya ghorofa nne na lifti yake ilikuwa mbovu. Gona akatangaza kwamba basi la Bethlehemu linaondoka mara moja, kwa kuwa njiani magari yalikuwa yakipekuliwa. Watu wakaingia chooni mbio, wakanawa nyuso, wakatoka. Mizigo yote ikabaki chini ya ngazi.

"Mtu mmoja akasema, tukiiacha hapa itaibiwa. Wote wakanigeukia mimi," anasimulia Kaviha. "Gona akaniambia, Mzee, wewe ndiwe mzoefu, ipandishe upesi, tunakungoja."

Akapandisha. Aliposhuka kutoka ghorofa ya nne baada ya kuweka sanduku la mwisho, barabara ilikuwa tupu.

Gona alikuwa amehesabu vichwa ndani ya basi, akapata thelathini na mmoja, akaridhika. Alijihesabu na yeye, na katika idadi ya kikundi hakuwamo. Mama Agneta anasema walidhani Baba Dhahabu amekaa nyuma.

Kutoka hoteli hiyo hadi Bethlehemu ni karibu sawa na kutoka Port Reitz hadi kivuko cha Likoni, kilomita kama kumi. Kaviha angeweza kwenda kwa miguu, lakini pasipoti yake ilikuwa mfukoni mwa Gona na barabara ilikuwa na askari. Mhudumu wa hoteli alimpandisha darini, akamwonyesha taa zilizokuwa zikimeta upande wa kusini.

"Nilizitazama mpaka baridi ikanishinda," anasema. "Niliumia. Sitakuficha, nililia. Nimeuza ng'ombe wa baba, nimefika, halafu sikufika."

Kesho yake aliomba apelekwe. Gona akamjibu kwamba siku ya Bethlehemu imeshapita na ratiba sasa ni Bahari ya Chumvi. Tarehe 26 wakaanza kurudi. Kaviha ndiye aliyepanga mizigo ya wenzake thelathini kwenye basi, mizito chini, myepesi juu, na yote ikafika Mombasa salama. Sanduku la kahawia lilisahauliwa chumbani. Shati jeupe lilikuwa ndani, halijavaliwa.

Siku aliporejea, mchukuzi mwenzake, Chengo, alikuwa amemngoja mlangoni na toroli aliloliosha kwa sabuni.

"Nilitaka kumpokea kama mtalii," anasema Chengo. "Namwona huyo anakuja, mikono mitupu kabisa. Namuuliza, sanduku liko wapi? Akanionyesha viganja tu. Nikasukuma toroli tupu mpaka nje, naye nyuma."

Nyumbani Milcah alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampakulia chakula. "Hata punda wa Mariamu alifika Bethlehemu, Baba Dhahabu," alimwambia. Mzaha huo umebaki katika nyumba hiyo, na Kaviha mwenyewe huurudia.

Kampuni iliyowapeleka imefunga ofisi, na barua alizoandika kuhusu sanduku hazikujibiwa. Mwaka huu kikundi kinapanga tena, na Mama Agneta alimfuata nyumbani kumwomba radhi na kumwalika. Radhi aliitoa. Mwaliko aliukataa.

Anaweka akiba upya, safari hii aende na Milcah peke yao. Anakisia itamchukua miaka saba. Sanduku ameshanunua, la mtumba, kutoka soko la Kongowea, na Milcah amelihifadhi chini ya kitanda. Kaviha amekataa katakata hata kulisogeza wakati wa kufagia.

"Chengo ameshakubali," anasema, akilirudisha toroli lake kwenye mstari. "Siku hiyo atalichukua yeye, kutoka mlangoni hadi kwenye mizani. Mimi nitatembea mbele na mke wangu. Sitageuka nyuma."

Chengo, aliye hatua mbili kutoka hapo, amesikia. "Na bakshishi nitaitaka," anasema.

"Utapata," anajibu Kaviha. "Nitakupa kama anavyopewa mtu, si punda."