Jezi Namba Moja

Mama Sindano, kama mtaa ulivyomwita kwa miaka thelathini ya kushona sare za shule, hakuwahi kupenda mpira. Wala mwanawe hakuupenda. Kijana yule hata ukimrushia chungwa alilikwepa. Kwa hiyo alipokufa vitani, na kambi yake ya jeshi ikatuma habari kwamba kila mwaka huchezwa mechi ya kuwaenzi waliokufa, kila jezi ikiwa na jina la mmoja wao mgongoni, mama alicheka kicheko cha uchungu. Lakini wapi, maiti haulizwi sanda.

Kaka yake Mama Sindano alimsihi akubali. Mwili haukurudi, alisema, kaburi hakuna, basi angalau jina lisomwe na watu. Mama akaona ni kweli, maana jina lile halikuandikwa mahali pengine popote. Akaomba azishone herufi mwenyewe, akaletewa jezi zote kumi na moja. Migongoni aliona vitundu vidogo vya sindano, akadhani ni vya timu ya zamani. Ya mwanawe, namba moja, aliipiga cherehani mara mbili, kisha akaikaza tena kwa mkono.

Siku ya mechi watu walisimama kimya dakika nzima, kofia mikononi, naye akalia na kushukuru. Kisha filimbi ikapulizwa. Golikipa, aliyevaa namba moja, alifungwa mabao matano. Kufikia la tatu, watu walikuwa wakilisoma jina mgongoni na kulizomea. Bwana mmoja alisema mwenye jina hilo afadhali angebaki kwao achunge kuku, na jukwaa zima likaangua kicheko. Kilio huanza mfiwani, wanasema, lakini kicheko nacho kilifika huko huko: kaka yake alicheka kidogo, akajifanya anakohoa.

Miezi mingi ikapita kabla mama hajapata moyo wa kwenda kambini kuiomba jezi ile. Karani wa stoo, mtu mpole, alimpa kiti, akamweleza kwamba jezi ni hizo hizo kila mwaka.

"Tangu mechi ile wamekufa wengine kumi na wanne, mama," alisema. "Jezi ni kumi na moja. Watatu itabidi wasubiri mwaka ujao."

"Na wangu?"

"Wako ameshakumbukwa, mama."

Akamkabidhi furushi la jezi zote na karatasi ya majina mapya, kwani fundi alikuwa ni yeye.

Nyumbani alikaa na wembe. Zile kumi zilifumuka upesi. Namba moja ilikataa, kwa jinsi alivyoikaza mwenyewe, ikamla mchana kutwa, herufi kwa herufi. Alipomaliza, vitundu vipya vilikuwa vimechanganyikana na vya zamani, na hata yeye hakuweza tena kusema vipi ni vya mwanawe. Akatunga uzi, akaisoma karatasi, akaanza kushona jina la mtoto wa mwenzake.